Mtoto mwenye usonji akija kwenu kwa sikukuu: mwongozo kwa shangazi, jaja (bibi au babu) na majirani

Idi au Krismasi ikikaribia, maswali huwa yale yale. "Dada yangu anakuja na mwanawe, yule asiyeongea. Nimpokeeje?" "Mtoto wa kaka hasalimii watu, tumwache tu?" "Akianza kupiga kelele mbele ya wageni tufanyeje?" Badala ya kuyajibu kila mara kwenye simu, nimeyapanga hapa. Ninazungumza na wewe mwenye nyumba, si na mama wa mtoto. Yeye kazi yake anaijua. Wanaomharibia sikukuu mara nyingi ni sisi wenyeji.

Nadharia nitaiweka fupi. Usonji ni namna ubongo wa mtoto unavyokua tangu mapema sana. Hauambukizi, hauletwi na malezi mabaya wala uchawi, na chanjo haihusiki: utafiti wa 1998 uliodai kwamba inahusika ulifutwa mwaka 2010 na jarida lile lile lililouchapisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 alikuwa na usonji. Ukoo unaojaza tenti mbili siku ya harusi huenda una zaidi ya mmoja.

Uwe navyo kabla hawajafika

- Chumba kimoja, au hata pembe ya chumba, ambapo wageni hawatapita
- Mkeka au godoro dogo, na shuka la kuzibia dirisha
- Komeo la geti lililo juu, mkono wa mtoto usikofika
- Mifuniko ya kila chombo na kila shimo lenye maji
- Simu yenye kamera. Kama huna, boksi tupu, mkasi na kalamu ya wino mzito
- Chakula anachokula yeye, hata kama hakifanani na sikukuu
- Mtu mzima mmoja wa kukusaidia, asiyependa makuu

Hedifoni za kuzuia kelele zikipatikana ni vizuri, lakini familia nyingi huja na zao.

Hatua ya 1: Piga simu siku tatu au nne kabla

Usipige kuuliza kama "amepata nafuu". Swali hilo mama huyu hulisikia kanisani, sokoni na kwenye taksi. Anza hivi: "Dada, nataka mkija mtoto akae vizuri, na wewe upate kula ukiwa umekaa. Niambie nyumba niiweke vipi." Kisha uliza mambo unayoweza kuyafanyia kazi:

- Anakula nini, na kipi hataki hata kukiona mezani?
- Sauti gani zinamsumbua?
- Anapenda nini mpaka anajisahau?
- Akipata mwanya hukimbilia wapi: maji, barabara, magari?
- Anaombaje maji au choo: kwa neno, kwa kukuvuta mkono, kwa picha?
- Akizidiwa, nyinyi nyumbani hufanya nini?
- Mngependa kufika saa ngapi na kuondoka saa ngapi?

Andika majibu kwenye karatasi, kwa sababu siku yenyewe utakuwa na sufuria tatu motoni na hutakumbuka. Hata kama alikuja mwaka jana, uliza tena, watoto hukua. Wala usijione mjuzi kwa kuwa umewahi kumwona mtoto mwingine mwenye usonji. Mmoja hasemi neno, mwingine atakutajia mabasi yote yanayokwenda Arua na saa yanayoondoka, bila kupumua.

Hatua ya 2: Waandae watu wa nyumbani, ukianza na jaja

Kwetu Uganda salamu ni jambo kubwa. Katika nyumba nyingi mtoto hutarajiwa kupiga magoti mbele ya wakubwa, hasa akiwa msichana. Mtoto mwenye usonji anaweza kuwapita wazee wote sebuleni akaenda moja kwa moja kutazama feni inavyozunguka. Hapo ndipo sikukuu nyingi huharibika: mzee ananung'unika, mama anaona aibu, mtoto analazimishwa magoti kwa kushikwa bega, kilio kinaanza, na chai bado haijamiminwa.

Basi mwambie jaja mapema, peke yake: "Jaja, mjukuu wako hatakupigia magoti. Hajakudharau. Akija akashika kitenge chako akakaa hapo kidogo, ujue amekusalimia." Jaja akikubali, nani mwingine atapinga? Mimi naona kumshawishi jaja mmoja kunafaa kuliko kuwahutubia wageni ishirini.

Watoto wenzake huelewa upesi. Waambie hivi: "Binamu yenu haongei sana, lakini anasikia. Akipunga mikono au akiruka-ruka, anajituliza au amefurahi. Msimcheke, msimzingire. Akitaka kucheza, mchezesheni."

*Angalizo:* "Anasikia" ni kwa watu wazima pia. Kukosa maneno si kukosa masikio. Usimjadili mtoto juu ya kichwa chake ("huyu ataolewa kweli?") ukadhani hajashika kitu.

Hatua ya 3: Funga kila kinachoweza kumuua

Watu huanza na mapambo. Wewe anza hapa. Watoto wengi wenye usonji hutoka kimya kimya bila kuaga, na wengi huvutwa mno na maji. Kuzama ni miongoni mwa hatari kubwa kabisa kwa maisha yao.

Zunguka kiwanja chako ukiwa umechuchumaa, macho yako yawe kimo cha mtoto. Utaona usiyoyaona ukiwa umesimama: pipa la maji ya mvua lisilo na mfuniko, shimo la choo kipya lililofunikwa kwa bati tu, mtaro nyuma ya nyumba, kisima cha jirani ambacho ua wake umeanguka. Ukikaa karibu na ziwa, Ggaba au Entebbe, au kando ya mto pale Jinja, njia ya kuelekea majini ndiyo ya kwanza kuzibwa. Weka komeo la juu getini. Sigiri iwe ndani ya jiko lenye mlango, isiwe barazani. Baadhi ya watoto hawa huchelewa kuonyesha maumivu na wataendelea kushika kitu kinachounguza.

Halafu panga zamu. "Tunamwangalia sote" maana yake hakuna anayemwangalia. Mtu mmoja, nusu saa, kisha anakabidhi kwa mdomo: "Sasa ni wewe." Naye aitikie, "Sawa, ni mimi." Bila kuitikiana hivyo, zamu haijakabidhiwa.

*Angalizo:* Kamba haitumiki. Kumfunga mtoto mguu au mkono, au kumfungia chumbani kwa kufuli, ni ukatili hata kama nia ilikuwa kumlinda, na nyumba ikishika moto hana pa kutokea.

Hatua ya 4: Tenga pembe ya utulivu

Zima taa kali, ziba dirisha kwa shuka, tandika mkeka, weka kitu anachokipenda ulichotajiwa kwenye simu. Vifuniko vya chupa za soda kwenye bakuli vinatosha. Wengine watavipanga kwa rangi saa nzima. Mlango usifungwe. Mtoto aonyeshwe chumba hicho akifika tu, akiwa ametulia, ajue njia. Ukimpeleka huko mara ya kwanza akiwa analia, ataona ni adhabu.

Hatua ya 5: Mwonyeshe siku yake kwa picha

Watoto wengi wenye usonji hushika wanachokiona kuliko wanachoambiwa, na wengi huogopa wasichokitarajia. Kwa hiyo siku moja kabla piga picha hizi umtumie mama kwenye simu: geti lako likiwa limefungwa, kama atakavyolikuta, sura yako, bila miwani ya jua, sehemu atakayokula, pembe ya utulivu, choo.

Choo usikisahau. Mtoto aliyezoea choo cha kukaa kule Kampala akikutana na choo cha shimo kijijini anaweza kukataa kuingia siku nzima. Muulize mama kama waje na poti.

Huna simu ya kamera? Kata boksi vipande vitano ukubwa wa kiganja, chora: taksi, nyumba, sahani, mpira, taksi tena. Zipange kwa mstari ukutani, chini, usawa wa macho yake. Kila jambo likiisha, mtoto au mama analibandua. Ile taksi ya mwisho ina kazi kubwa, kwa sababu inamwambia kwamba kelele zote hizi zina mwisho na atarudi nyumbani.

*Angalizo:* Mpango ukibadilika (mchungaji amechelewa, mvua imeanza), badilisha picha mbele yake kwanza, ndipo ubadilishe jambo lenyewe.

Hatua ya 6: Mpokee polepole

Wakaribishe saa moja kabla ya umati. Nyumba ikiwa bado kimya, mtoto anaizoea. Ikijaa, anakuwa mwenyeji tayari. Kundi lisiende kulizunguka gari au boda. Mtu mmoja anatosha.

Taja jina lake, sema sentensi moja fupi, "Karibu. Njoo tuone chumba chako," halafu nyamaza. Hesabu kimya kimya mpaka kumi. Kosa la kila mtu ni kurudia swali kwa maneno mapya baada ya sekunde mbili. Kwake hilo ni swali la pili, naye bado anashughulika na la kwanza. Usimshike kidevu ili akutazame, maana anaweza kukusikiliza vizuri zaidi akitazama ukuta. Usimkumbatie mpaka aje mwenyewe.

Ukimuuliza "Unataka soda?" naye akajibu "Unataka soda?", hakuigizi. Mara nyingi hiyo ni ndiyo. Mwonyeshe chupa, uone kama ataipokea.

Kuhusu lugha: nyumba zetu zina Kiswahili, Kinubi au Luganda, na shuleni Kiingereza. Utasikia mshauri wa bure akisema mama aache lugha ya nyumbani ili mtoto "asichanganyikiwe". Tafiti hazikuona kwamba lugha mbili zinamdhuru mtoto mwenye usonji. Mnyang'anye Kiswahili na atakuwa amenyang'anywa pia mazungumzo ya jaja.

Hatua ya 7: Chakula

Mpe anachokula. Kama ni chapati kavu na chai isiyo na tangawizi, pilau la sikukuu mwachie mwingine. Mchuzi usiguse posho (ugali) kama mama alisema usiguse. Usimdanganye kwa kuficha nyama ndani ya matoke. Akigundua, kesho atakataa matoke pia.

Hatua ya 8: Kelele

Spika za dijei zielekezwe mbali na pembe ya utulivu, na genereta iwekwe upande wa pili wa nyumba. Puto ziache, zinapasuka. Vigelegele huwezi kuvizuia, wala sikushauri ujaribu, lakini unaweza kumpa mama ishara dakika mbili kabla ya bwana harusi kuingia au keki kukatwa, amvalishe mtoto hedifoni au watoke nje. Ukiwa na kipaza sauti, kijaribu kabla hawajafika. Ule mlio wa kwanza unaokwaruza ndio unaomaliza siku.

Hatua ya 9: Akizidiwa

Kuna dalili kabla: anaziba masikio, anazunguka-zunguka, anarudia neno lile lile kwa sauti inayopanda, anauma mkono wa shati. Ukiziona, mpeleke pembe ya utulivu wakati huo huo. Usisubiri sala iishe.

Ikishalipuka, mtoto hakusumbui kwa makusudi. Anayedeka huchungulia kama unamtazama, akipewa pipi ananyamaza. Aliyezidiwa hajali nani anatazama, na pipi haisaidii. Fanya hivi:

a) Ondoa watu, usimwondoe mtoto, isipokuwa yuko hatarini. Watoke wote, abaki mzazi na mtu mmoja.
b) Zima muziki.
c) Sogeza vitu vigumu. Akigonga kichwa chini, weka mto au nguo iliyokunjwa.
d) Usiseme mengi. "Uko salama. Niko hapa." Basi.
e) Ngoja. Inaweza kuchukua dakika tano, inaweza kuchukua nusu saa.
f) Ikiisha, mpe maji na kimya. Hakuna "sema pole kwa jaja".

*Angalizo:* Fimbo haimalizi hali hii, inaiongezea hofu. Na mtu yeyote atakayetoa simu kurekodi, mnyang'anye kwa heshima zote.

Hatua ya 10: Mama ale, ndugu wacheze, waondoke wanapotaka

Mchukulie mama sahani yake kwanza, kabla ya wageni wa heshima. Chukua zamu wakati anakula, na kaa pale asipoweza kukuona ukihangaika. Mtafute dada au kaka wa mtoto, yule ambaye kila mara huambiwa "mwangalie mwenzako", umwambie leo hana zamu. Baba naye asisahaulike. Kwetu wanaume wenzake humtania au humkwepa. Mpe kiti, mzungumze mpira.

Wakisema wanaondoka, wafungulie geti. Usiwabembeleze wangoje keki. Wafungie vipande viwili.

Maneno na matendo ya kuacha

"Mbona haonekani kama ana usonji?" si sifa. "Mungu huwapa mzigo wenye nguvu" nayo iache, kwa maana umemwita mtoto mzigo. Kama mnataka kumwombea, mwombeni mama ruhusa kwanza, na asiwekewe mikono kichwani na watu sita asiowajua.

Dawa za miujiza ndizo zinazonikera kuliko vyote. Hakuna dawa inayoondoa usonji. Zipo dawa ambazo daktari anaweza kutoa kwa kifafa, kukosa usingizi au hasira kali, na hizo hutolewa na daktari tu. Yale "maji ya kutibu" yanayouzwa kwa matone, yenye klorini dioksidi, ni kemikali ya jamii ya jiki; mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya watu wasiyanywe kabisa. Ndugu akikuletea chupa, imwage.

Picha ya mtoto usiiweke kwenye status ya WhatsApp bila kuwauliza wazazi, hata kama ametoka vizuri.

Mambo yakienda kombo

*Haonekani.* Msianze kuita-ita chumbani. Watu wawili wakimbilie majini: pipa, kisima, mtaro, mto. Wengine barabarani. Baada ya hapo ndipo mtafute uvunguni. Mtu mmoja ampigie mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa) na stendi ya boda iliyo karibu, ataje rangi ya nguo na kwamba huenda asiitike jina lake. Ndiyo maana mpige picha alivyovaa mara anapofika, iwe ya kazi hiyo tu.

*Amempiga au kumsukuma mwenzake.* Watenganishe bila kelele, mtibu aliyeumia, kisha tafuta kilichotangulia. Mara nyingi alinyang'anywa kitu au alizingirwa. Rekebisha hicho.

*Hajala chochote.* Maji anakunywa? Basi ngoja. Akiwa hali wala hanywi siku nzima, au amelegea, ni kituo cha afya.

*Anavua nguo.* Angalia lebo ya shingoni na mshono. Nguo mpya za sikukuu huwasha. Mrudishie ile fulana kuukuu aliyokuja nayo.

*Amebadilika ghafla, analia na kushika sikio au tumbo.* Usiseme ni usonji tu. Malaria, jino na sikio humuuma kama mtoto yeyote, tofauti ni kwamba yeye hawezi kukuambia. Apimwe.

*Ameanguka na kutetemeka.* Kifafa huwapata watoto wenye usonji zaidi ya wengine. Mlaze ubavu, weka nguo chini ya kichwa, usimtie kijiko wala chochote mdomoni, tazama saa. Ikipita dakika tano, au ikirudi kabla hajazinduka, hospitali mara moja.

*Mgeni anasema amelogwa.* Usibishane mbele ya mama. Mwite mgeni jikoni akusaidie kubeba kreti za soda, umwambie huko kwamba nyumbani kwako maneno hayo hayasemwi.

*Unashuku mtoto mwingine wa ukoo, ambaye hajapimwa.* Hapa watu hukosea pande zote mbili: wapo wanaonyamaza miaka, na wapo wanaotangaza mezani. Zungumza na mzazi faraghani, taja ulichokiona bila kukipa jina: "Nimemwita mara nne hakugeuka", "Sijamwona akinyooshea kitu kidole". Mtoto wa mwaka mmoja asiyetoa sauti za kubwabwaja wala kuonyesha kwa kidole, wa miezi 16 asiye na neno hata moja, wa miaka miwili asiyeunganisha maneno mawili, au wa umri wowote aliyekuwa akiongea akaacha, apelekwe bila kungoja "atakua tu". Waanzie kituo cha afya, waombe masikio yapimwe kwanza, kisha waombe rufaa. Kampala kuna wataalamu wa watoto katika hospitali ya Mulago, na Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili, kuna huduma ya akili kwa watoto. Wasiogope jina la Butabika, hawaendi kulazwa.

*Shule imemkataa.* Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 inakataza mtoto kubaguliwa katika elimu kwa sababu ya ulemavu. Mzazi aanze kwa mwalimu mkuu, kwa maandishi, kisha ofisi ya elimu ya wilaya. Aulize pia kama kuna mwalimu aliyesomea elimu maalumu. Chuo Kikuu cha Kyambogo kinawafundisha, na wamesambaa wilayani kuliko watu wanavyodhani. Wewe shangazi unaweza kumsindikiza. Wakiwa wawili ofisini, barua hupokewa na kugongwa muhuri.